Hedifoni za Chumba na Hedifoni za Baraza

Kwa wiki mbili nililala na swali moja na kuamka nalo: siku ile kanisani, mama alinisikia au hakunisikia?

Najua ni swali la mtu asiye na shughuli. Nimemaliza chuo kule Mzumbe, vyeti vyangu vimo kwenye bahasha, maombi ya kazi nimeyapeleka kwenye ofisi ambazo hazijajibu, na mtu mwenye akili timamu angekosa usingizi kwa sababu hizo. Lakini mimi ndivyo nilivyo. Nikitumwa chumvi nasimama mlangoni mwa duka nikijiuliza kama waliomba ya mawe au ya unga, na nikirudi na ya unga nakaa siku nzima nikisubiri mtu alalamike.

Swali hili, hata hivyo, lilikuwa na uzito wake. Kama mama alinisikia, basi miaka yote hii amemlaumu mtu mwingine ili kunificha mimi, na nikifungua mdomo nitabomoa alichokijenga. Kama hakunisikia, basi anamlaumu mtu asiye na kosa, na mimi nimekaa kimya nikitazama. Mtu huyo ni Mama Yusta, ambaye shamba lake linapakana na letu, kijito tu katikati. Na Mama Yusta alikuwa anahama. Mwanawe anayefanya biashara ya karanga Gairo alikuwa amemjengea chumba na anamtaka ashuke mlimani akakae naye. Baba aliniambia habari hiyo akiwa anafunga kamba za viatu, kama mtu anayetaja kwamba mawingu yametanda.

"Mama Yusta anaondoka mwisho wa mwezi. Mama yako amesikia, lakini hajasema neno."

Kisha akaniomba nimtafutie bisibisi kwenye boksi lake la zamani, chini ya kitanda. Bisibisi niliikuta. Chini yake nikakuta hedifoni mbili, nyaya zake zimeviringwa pamoja. Nilipogusa zile nyepesi, sponji yake ilisagika vidoleni mwangu ikawa unga wa manjano unaonata. Ulinuka vumbi na plastiki iliyokaa juani, na katikati ya harufu hiyo nilikuwa na miaka tisa tena, nimekaa sakafuni sebuleni, baba ameshika daftari.

Ninyi mliozaliwa miaka yetu mnakumbuka jinsi vitu vilivyorudi madukani. Wakubwa wetu walikuwa wamepanga foleni za sukari na sabuni mpaka wakasahau kwamba sabuni ina rangi zaidi ya moja. Halafu tukiwa wadogo, kama vile mtu amefungua lango la josho, vikaingia vyote kwa pamoja: dawa ya meno yenye mistari, viatu vya mtumba vyenye majina ya watoto wa Ulaya yameandikwa kwa ndani, betri ambazo hazikuvuja. Na kila mtumishi wa serikali akawa na mradi. Jirani yetu karani alifuga kuku wa mayai. Mwalimu wa hesabu aliuza barafu. Baba yangu, fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja pale mjini, hakutaka kuku wala barafu. Alitaka kurekodi kwaya.

Vifaa alivipata kwa mhadhiri wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao na kuuza kila kitu hadi pazia. Wengine waligombea friji na godoro. Baba alirudi na boksi: deki ya kanda, maikrofoni moja ya stendi, na hedifoni mbili. Mama aliangalia ndani ya boksi, akaangalia tena kana kwamba friji ingeweza kuwa imejificha chini.

"Baba Deo," akasema, "hivi ndivyo vya kuvaa kichwani?"

"Ndivyo."

"Viwili? Una vichwa vingapi?"

Deo ni kaka yangu, wakati huo alikuwa seminari. Nyumbani tulikuwa watatu: baba, mama na mimi, kwenye nyumba iliyo sehemu za juu za mji, pale barabara inapochoka na njia ya miguu inapoanza kupanda Uluguru.

Hedifoni zenyewe hazikufanana. Za kwanza zilikuwa nzito, nyeusi, na vikombe vyake vimezibwa nyuma kwa plastiki ngumu. Ukizivaa, ngozi yake laini ilifunika sikio lote, na dunia ikazimika. Za pili zilikuwa nyepesi kama kiota cha ndege, zina sponji ya manjano kwa ndani, na nyuma yake palikuwa na matundu matundu kama ya chujio la chai. Mhadhiri alimweleza baba kwamba zile zilizozibwa ni za kazi na zile zenye matundu ni za kusikilizia. Baba hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Kazini kwake kitu hakiaminiki mpaka kipimwe mara tatu na kuandikwa. Kwa hiyo alinunua daftari, akachora mistari, na jaribio likaanza.

Jumapili baada ya chakula tuliketi kuzunguka meza. Kanda ilikuwa moja, ya kwaya ya mama, ambayo baba alikuwa ameirekodi kwa majaribio. Kila mtu alisikiliza wimbo uleule kwa hedifoni za kwanza, kisha za pili, kisha za kwanza tena, akieleza anachosikia. Baba aliandika.

"Haya, wewe. Zilizozibwa zikoje?"

"Ni kama kwaya iko ndani ya kichwa changu, wamejifungia," nikasema. "Sauti nene ndiyo inavuma sana. Wanaume wale wa bezi kama wananguruma kwenye mtungi."

"Mtungi gani? Wa udongo au ndoo ya plastiki? Sema vizuri, hapa tunaandika."

"Wa udongo. Wenye maji nusu."

Aliandika hivyohivyo: *mtungi wa udongo, maji nusu.* Daftari hilo lipo mpaka leo.

"Na zenye matundu?"

Hapo nilikawia. Zenye matundu zilinishangaza. Kwaya ilitoka kichwani mwangu ikaenda kusimama mbele yangu, pale karibu na kabati. Niliweza kuonyesha kwa kidole aliposimama mtu wa sauti ya kwanza, na aliposimama yule mwanamume mwembamba mwenye kikohozi. Bezi ilipungua, nguvu ile ya mtungi ikaondoka. Lakini kati ya mwimbaji na mwimbaji palikuwa na nafasi, unaona hewa inapita. Na papo hapo nilimsikia kuku wetu akitaga uani, na maji ya mfereji, na baba akipumua. Kuku na kwaya walikuwa pamoja, wala hakuna aliyemzuia mwenzake.

"Zile nyeusi ni chumba," nikasema mwishowe. "Hizi ni baraza."

Baba aliweka kalamu chini akaniangalia. "Mama Deo, umesikia alichosema huyu?"

Mama alikuwa anachambua mchele. "Eeh," akasema. "Kuku ametaga."

Tulicheka sana. Kuanzia siku hiyo hatukusema tena zilizozibwa na zenye matundu. Baba mwenyewe aliandika *chumba* na *baraza* juu ya mistari yake. Alibaini mengi kwa Jumapili chache. Alibaini kwamba chumba hukudanganya kwa utamu: kwaya mbaya inasikika imeshiba. Baraza hukuonyesha kila aliyechelewa na kila aliyepanda juu kuliko wenzake. Lakini baraza haina siri. Sauti inavuja kupitia yale matundu, na ukiivaa karibu na maikrofoni, maikrofoni inaimba na wewe. Kwa hiyo baba akaamua: siku ya kurekodi tutavaa chumba, siku ya kusahihisha tutavaa baraza.

Sasa nifike kwa mama.

Zamu ya mama ilipofika kwa mara ya kwanza, alivaa chumba, akashika kile kitufe cha kuzungusha cha sauti chenye namba kuanzia sifuri hadi kumi, akakizungusha mwenyewe. Alifumba macho. Uso wake ukafunguka, midomo ikawa inafuata maneno. "Nzuri," akasema kwa sauti kubwa, jinsi watu wanavyosema wakiwa na kitu masikioni. "Nzuri sana."

Kisha akavaa baraza, akazungusha tena. Wimbo ukatoka. Ulitoka kupitia matundu ukajaa sebuleni, wembamba lakini kamili, kama redio ndogo iliyowekwa juu ya kichwa cha mama. Wote tuliusikia.

"Mama Deo!" baba akacheka. "Unatupigia dansi?"

Mama hakujibu, alikuwa anaimba. Mimi nikainuka nikaenda kujibanza kwapani mwake, sikio langu karibu na sikio lake, na tukasikiliza pamoja wimbo mzima. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama dakika zile. Baba na mimi tulisikiliza kichoyo, kila mtu na sikio lake. Mama peke yake ndiye aliyefungulia mpaka mwisho ili asimwache mtu nje. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nilielewa hivyo kwa miezi mingi. Kila Jumapili nilisubiri zamu yake. Nilipochungulia daftari niliona baba ameanza kuandika na namba za kile kitufe. Mimi, tatu. Baba, tatu na nusu. Mama, tisa. Nikadhani ni alama. Nikadhani mama ameshinda.

Yako mengine niliyoyaelewa kwa namna yangu. Mama hakupenda nitembee kushoto kwake, alinivuta kila mara nije kulia, nami nikajua kulia ndiko wanakokaa wapendwa. Alipoongea na watu aliwatazama mdomoni, nikajua ndiyo heshima. Mtu akibisha hodi mama hakuitika mpaka mimi nimeitika, nikajua ananifundisha ukarimu. Mtoto hakosi maelezo. Mpe kitu kisichoeleweka na kwa jioni moja atakuwa amekitengenezea sababu nzuri kuliko ya kweli.

Kwenye kwaya mama alikuwa mwanzishaji. Kwaya hiyo ilikuwa ya kanisa la misheni, mwendo wa saa moja na nusu juu ya nyumba yetu, na mama aliimba huko tangu akiwa msichana, kwani kule ndiko kwao na shamba ni la ukoo wa mama yake. Kazi ya mwanzishaji mnaijua: anaimba mstari wa kwanza peke yake, wengine wanamfuata pale alipo. Akianza chini, wote chini. Akianza juu, wanawake wa sauti ya kwanza watatoka jasho lakini watamfuata. Mama alikuwa na sauti iliyonyooka, haikutetemeka, na watu walisema akianza wimbo hata nyuki wanatulia. Mama Yusta alisimama kando yake, kulia. Walikuwa wameolewa mwaka mmoja, wamezaa mwaka mmoja, na wakati wa kupalilia walipigiana kelele ng'ambo ya kijito kutwa nzima, wakitaniana.

"Mama Deo! Kabichi zako zimeingiwa na wadudu au ndivyo zilivyopandwa?"

"Zako je? Mbuzi amezipita, akasikitika!"

Wakati ule ule wa vitu kuingia, kwaya nayo ikapata kinanda cha umeme, kilichoendeshwa kwa betri ya gari. Hapakuwa na kijana asiyetaka kukigusa. Mwalimu Mkude, mwalimu wa kwaya, alikifunika kwa kitambaa cheupe kama mkate wa altare. Na ndipo kwaya ikaamua kwamba sasa wana kinanda na Baba Deo ana deki, kwa nini wasitoe kanda yao, iuzwe mjini, paa la kanisa litengenezwe.

Naomba mkumbuke jambo moja, kwa sababu limenichukua miaka kulielewa. Bila kinanda, mwanzishaji hawezi kukosea sauti. Popote atakapoanza ndipo wimbo ulipo. Kinanda ndicho kilicholeta mahali ambapo wimbo unatakiwa kuwa.

Siku ya kurekodi mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na bado manyunyu yalikuwa yanagonga bati. Baba alifunga madirisha, akatundika mablanketi, akavaa chumba kichwani. Mimi nilikaa miguuni pake, baraza imo kwenye boksi, nimekatazwa kuigusa. Mwalimu Mkude akabonyeza kinanda kutoa sauti. Mama akamtazama mdomoni, kisha mikononi, akaanza.

Alianza vizuri, kwa ile sauti yake iliyonyooka. Kwaya ikamfuata kama kawaida. Kisha kinanda kikaingia. Kwaya ilikuwa upande huu na kinanda upande ule, karibu sana lakini hawagusani, kama watu wawili wanaotaka kupita kwenye mlango mmoja. Wakaimba hivyo mpaka mwisho, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwacha mwanzishaji.

Mwalimu Mkude akaomba asikilize. Baba akarudisha kanda, akampa hedifoni. Alisikiliza, akakunja uso, akampa Mama Yusta.

"Wewe unasikiaje?"

Mama Yusta alisikiliza. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa hajui kinachokuja. "Kidogo kimepishana," akasema. "Mwanzoni pale. Sijui ni kinanda au ni sisi."

Mama aliona midomo yake. "Nini kimepishana? Leteni hapa." Akavaa chumba, akakizungusha kitufe, akainamisha kichwa na kusikiliza. Sisi hatukusikia kitu, maana chumba hakivuji. Tulimwona tu akitikisa kichwa polepole kufuata mapigo. "Mbona nzuri?" akasema kwa sauti kubwa. "Mimi naona nzuri."

Watu wakatazamana. Mwalimu Mkude akajikuna shingo. Nikaona mama yangu anabishaniwa na watu wazima, na anashindwa kujitetea kwa sababu amepewa hedifoni zisizo zake. Mimi nilijua dawa. Nikasimama.

"Mwalimu, mpeni zile nyingine," nikasema. "Hizo za matundu. Nyumbani akizivaa huwa anafungulia mpaka tisa, sisi tunafungulia tatu tu. Tunasikia wote bila kuvaa, mpaka jikoni!"

Nilisema kwa majivuno, na kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa ndani ya kanisa tupu.

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke. Mwalimu Mkude alimgeukia baba, akamtazama. Baba akainama akaanza kuviringa waya ambao haukuhitaji kuviringwa. Mama Yusta akaweka mkono mdomoni. Na mama, hedifoni zikiwa bado masikioni, aliinua macho akanitazama mimi moja kwa moja.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Wimbo ulikuwa umeisha au karibu kuisha. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Chumba kilikuwa kimefunika masikio yake yote mawili, ya mtu ambaye tayari anasikia nusu. Kwa hesabu za baba hakuweza kusikia. Lakini aliinua macho.

Alipozivua hedifoni, maneno ya kwanza aliyoyapata ni ya Mwalimu Mkude, aliyesema kwa upole na kwa kutamka kila neno: "Mama Deo, leo Mama Yusta ataanzisha. Tuokoe muda, mvua inarudi."

Mama alimgeukia Mama Yusta. Alimtazama kwa muda. Kisha akasogea akasimama nyuma, safu ya mwisho, akaimba nyimbo zote hadi kanda ikajaa. Hakurudi kwaya tena baada ya siku hiyo.

Wakati wa kushuka baba alinishika mkono, mama akiwa mbele yetu. Alisema chini chini, ingawa sasa najua hakuwa na haja ya kusema chini chini. "Yaliyomo kwenye daftari hayatoki nje." Nikamuuliza kwa nini, wakati mama ndiye amepata tisa. Akasimama pale njiani. Akanieleza kwamba ile tisa si alama, ni masikio ya mama yaliyofifia. Alisema ni kwinini, zile sindano za malaria alizochomwa alipokuwa anamzaa Deo, alisema mama mwenyewe hataki lisemwe, alisema atampeleka hospitali taratibu. Nilitazama mgongo wa mama ukishuka kati ya migomba, na kila sababu nzuri niliyokuwa nimeitengeneza ikaanguka moja baada ya nyingine mpaka tulipofika nyumbani.

Mama alikaa na maelezo yake mwenyewe. Mama Yusta alisema kimepishana, Mama Yusta akapewa nafasi. Ilitosha. "Alikitaka kiti changu muda mrefu," alisema mara moja, akipepeta mchele, na hakulirudia. Utani wa ng'ambo ya kijito ukaisha. Ikabaki "habari za asubuhi" na "salama", kama watu wa ofisi.

Leo uziwi wa mama si siri. Mwenyewe huutania: akiitwa mara ya tatu husema, "Ningeitika mara ya kwanza mngenizoea." Hospitali alikwenda, akapewa kifaa, akakiweka kabatini kwa sababu kinapiga filimbi. Hilo limepita. Lakini hili la Mama Yusta limebaki kama lilivyokuwa, na kilichonitesa zaidi wiki zile mbili ni jambo ambalo utotoni sikulipa uzito. Mama Yusta alikuwepo. Alinisikia. Kwaya nzima ilinisikia. Angeweza kuvuka kijito siku yoyote na kusema, si mimi, ni mwanao. Hakufanya hivyo. Alipokutana nami njiani alinipa mapapai.

Mimi nami nilikwisha kukiri, kwa namna yangu. Nikiwa kidato cha nne, mama akinisuka, nilinong'ona yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, uso wangu umeelekea ukutani. Alipomaliza kusuka aliniuliza kama nimesema kichwa kinauma. Nikasema hapana. Kwa muda mrefu niliihesabu kama maungamo.

Jumamosi ya mwisho wa wiki hizo mbili niliamka nimeshachoka kufikiri. Nilikuwa nimegeuza jambo hili kila upande: nimwandikie barua, nimtume baba, nimsubiri Deo. Kila njia niliyopata ilikuwa na kitu kimoja kilichofanana, kwamba si mimi niliyekuwa nasema. Nikaoga, nikapanda shambani.

Mama alikuwa anapalilia kabichi. Ng'ambo ya kijito Mama Yusta alikuwa anakata marando ya viazi na kuyafunga mafungu, ya kwenda nayo Gairo bila shaka. Wanawake wawili wameinama, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Nikapita katikati ya matuta nikasimama mbele ya mama, mahali atakapouona mdomo wangu.

"Mama. Siku ile ya kurekodi, aliyesema kwamba husikii vizuri ni mimi. Si Mama Yusta."

Alinyooka, akashika kiuno. Alinitazama.

"Rudia."

Sikujua kama hakusikia au alitaka nirudie. Nilisimama na swali hilo kwa pumzi moja, nikaona likianza kuzaa mengine, nikaliacha. Huku Uluguru mtu akisema kwa nguvu upande mmoja wa bonde, upande wa pili unapokea. Nililijua hilo. Nikajaza kifua.

"Ni mimi niliyesema! Mama Yusta hakugusa habari ya masikio yako! Kwaya nzima ilinisikia, na yeye alinisikia, akanyamaza!"

Ng'ambo ya pili marando yalishuka chini. Mama Yusta alisimama wima, kisu mkononi.

Mama hakuuliza kwa nini nilisema, wala kwa nini nilinyamaza. Aligeuka akatazama ng'ambo.

"Yeye alijua ni wewe?"

"Alijua, mama."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Akasema kitu kwa Kiluguru, si kwa kuniambia mimi. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akaifunga upya kiunoni, na kuanza kushuka kuelekea kijitoni, nami nikamfuata. Kwenye ukingo akasimama, akanipisha.

"Wewe ndiye uliyesema," akaniambia. "Tangulia."

Nikavua viatu, nikaingia majini.